Watu wakubwa na mabegi: nilivyoshuka korongo la Hell's Gate

Nyota mbili. Hapana, ngojeni kwanza.

Bei ya kuingia, saa za kufungua, ukubwa wa mbuga, hayo yote yamo kwenye simu zenu, tafuteni. Mimi nimekuja kusema juu ya maneno machache niliyoambiwa Hell's Gate, kule Naivasha, ambayo tangu siku hiyo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Binti yangu amechoka kuyasikia. Amesema niyaandike mahali niyatue.

Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, baada ya yale mafuriko ya humo korongoni ya 2012 lakini kabla ya yale ya 2019. Mwezi siukumbuki. Nakumbuka tu kwamba viazi vilikuwa na bei nzuri, maana mimi nauza viazi Nakuru, na mwaka ambao viazi havina bei chama chetu hakitoki hata kwenda Lanet. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, matatu ya kukodi, kuku wa kukaanga, na chapati za kutosha harusi. Mwenyekiti wetu alisimamisha gari langoni tukaomba kwanza, kwa sababu ya jina la mahali penyewe. Alisema haiwezekani watu waliookoka waingie Lango la Jehanamu hivi hivi tu.

Kutoka langoni mambo yalikuwa mazuri, sitadanganya. Wawili kati yetu walikodi baiskeli wakapita katikati ya pundamilia kama watu wanaokwenda dukani kununua maziwa. Ngiri wamepiga magoti wanakula nyasi. Tulipiga picha kwenye ule mnara wa jiwe uliosimama peke yake, unaoitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapo 1883. Lakini hadithi tamu ni ile nyingine, ya msichana wa Kimaasai aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka, akawa jiwe. Pimbi wamejaa miguuni pake. Nilimwonea huruma. Sikujua kwamba saa mbili baadaye na mimi nitakuwa nagombana na mtu juu ya kugeuka.

Basi tukafika kule korongo linakoanzia, mahali watu wanapokaa kula kabla ya kushuka. Tukapewa kijana wa kutuongoza. Shuka nyekundu, akala za tairi, fimbo. Mwembamba kama ile fimbo. Jina la kundi lake sitalitaja, na nawaomba msiniulize. Akatukagua mmoja mmoja kama mtu aliye mnadani anachagua ng'ombe. Akafika kwangu. Macho yakaanza kichwani, yakashuka mpaka viatuni, yakapanda tena.

"Mama, wewe kaa hapa uchunge mabegi. Huko chini si kwa watu wakubwa."

Watu wakubwa!

Sasa mnielewe. Mimi nina kilo tisini na kitu na sijawahi kuzificha. Gunia la viazi nalipandisha kwenye mkokoteni na mtu mmoja tu upande wa pili. Hao wenzangu, na wembamba wao, nusu yao hupanda bodaboda kutoka stejini hadi mlangoni, mwendo wa kutema mate. Na ni mimi niliyeambiwa nichunge mabegi. Wenzangu walinyamaza, na hilo pia sijalisahau. Mweka hazina alikuwa ameshaanza kuninyooshea mkoba wake.

Nikamwambia, "Kijana, mabegi yatajichunga." Nikatangulia.

Kushuka kwenyewe ni hivi. Njia inaanza kama njia ya mbuzi, halafu inaingia kwenye mwanya, halafu hakuna njia tena, kuna jiwe. Jiwe lenyewe ni laini, la majivu ya volkano, limelambwa na maji mpaka limekuwa kama ubavu wa mtungi. Mahali pengine wamechimba vishimo vya kuweka vidole vya mguu. Unashuka ukiwa umelielekezea jiwe kifua, huoni unakokwenda, unasikia tu sauti kutoka chini: kulia, hapana, kulia, teremsha, hapo. Sauti ilikuwa yake yeye. Kila "hapo" niliisikia kama "nilikwambia".

Palikuwa na mahali pamoja ambapo vishimo viliisha kabla ya mimi kuisha. Mguu wangu wa kushoto ulitafuta, ukatafuta, ukakuta hewa. Nikahisi kitu kigumu chini ya soli. Kijana alikuwa ameweka bega lake. "Kanyaga," akasema. Nikakanyaga. Na nitakiri hapa kile ambacho sijakiri kwenye chama: nilikanyaga kwa makusudi, kilo zote, nikatulia kidogo hapo juu kama mtu anayengoja basi. Hakuguna. Zile akala ziliteleza nusu inchi hivi kwenye jiwe lililolowa, zikashika. Nilipofika chini alikuwa anapangusa tope kwenye shuka, alama ya kiatu changu imekaa begani kama muhuri wa ofisi. Kusema asante sikusema. Nani anamshukuru mtu aliyemtukana?

Na huko chini, jamani. Siwezi kuwanyima hili. Kuta zinapanda pande zote mbili, zimepindapinda kama kitambaa kilichoning'inizwa, mistari ya rangi ya maziwa, ya kutu, ya majivu. Mbingu inabaki utepe. Mizizi ya miti inaning'inia kutoka juu kana kwamba inatafuta kitu ilichoangusha. Mahali fulani maji yanachuruzika kutoka ukutani, ya moto, ya moto kweli, si hadithi. Katibu wetu alidhani ni mzaha akaweka kiganja, akaruka akataja jina la Yesu. Harufu ni ya mayai viza. Huko juu ndiko Olkaria, ule mvuke unaotoa umeme, na ukisimama hapo unaamini kabisa kwamba chini ya nchi hii kuna sufuria inachemka na hakuna anayeiangalia. Kitu kimoja tu kilinichukiza: watu wamechonga majina yao ukutani. Fulani anampenda fulani, na mwaka. Jiwe limechukua maelfu ya miaka kuwa hivyo, wewe unaleta msumari!

Kijana alikuwa anaeleza habari zote hizi, kwamba zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa likafurika upande huu, na ndiyo maji yaliyolichonga korongo. Nilisikia nusu. Nusu nyingine ya kichwa changu ilikuwa kwenye watu wakubwa. Alituonyesha tawi lililokwama kati ya kuta mbili, juu sana kuliko vichwa vyetu, kavu, limejaa nyasi kama kiota. Akasema maji yalifika pale. Akasema korongo ni kama mfereji wa paa: mvua ikinyesha huko milimani, hata kama hapa ni jua, maji yote yanakuja kutafuta tundu hili. Wakati huo wote alikuwa akiinua macho kwenye ule utepe wa mbingu, akishusha, akiinua. Mimi nikadhani anahesabu saa zake za kwenda kula.

Halafu akasimama. Akainua mkono. "Tunarudi."

Tulikuwa bado. Tuliahidiwa tutafika kule ndani kabisa, ambako watu hupaita chumba cha kulala cha shetani, na mwenyekiti alikuwa amejiandaa kuomba hapo hasa. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Kuna wingu." Nikatazama juu, nikaona utepe wa bluu. Na aliposema wingu, macho yake yalikuwa kwangu, kwenye miguu yangu, kwa sababu nilikuwa wa mwisho kwenye mstari na nilikuwa nahema. Basi nikajua. Ni mimi. Amechoka kunisubiri, anatafuta kisingizio.

Nikakataa. Nikasimama kama yule msichana wa jiwe. Nikasema kila kitu, mbele ya watu, na maneno yanavyorudi kwa mwangwi kule chini nilijisikia kama nagombana na nafsi yangu. Nilisema tumelipa. Nilisema mimi si mzigo. Nilisema mama yake angekuwa na mwili kama wangu angemwambia achunge mabegi? Hakujibu hata moja. Alingoja nikamaliza, akasema tena kwa sauti ile ile, kama mtu anayemwita ndama: "Mama. Tunarudi sasa." Akawatoa wote kwa njia ya pembeni, mimi akaniweka mbele, yeye nyuma yangu, na kila nilipopunguza mwendo nilisikia fimbo yake ikigonga jiwe. Ko. Ko. Ko. Alitukimbiza kama mbuzi. Katikati ya kupanda nilifikiri moyo utatokea mdomoni.

Tulipotoka juu, jua lilikuwa linachoma kama la Lodwar. Tone moja halikuanguka. Tulikaa pale saa nzima, nikitazama mbingu kwa chuki, nikitaka angalau inyeshe kidogo. Wapi! Upande wa mbali huko milimani palikuwa na weusi kidogo, lakini weusi wa mbali si mvua, ama?

Na mabegi? Tumbili walikuwa wamefungua kila kitu. Dereva alikuwa amelala garini na redio. Chapati hazikubaki hata moja. Tumbili mmoja alikuwa juu ya mti na chapati nzima, ameishika kwa mikono miwili kama usukani, anatutazama. Wenzangu wakanigeukia. Kijana hakusema kitu. Hata hakucheka. Alitazama mabegi, akanitazama, akatazama mti. Ningependa angecheka, ningepata pa kuanzia.

Wakati wa kumpa chochote, wengine walitoa mia mbili mbili. Mimi nilitoa hamsini, nikaikunja ndogo.

Kwenye gari kurudi ilikuwa kesi. Katibu akasema alikuwa anakuheshimu, mtu mkubwa ni mtu mzima, mama wa watu, kule kwao mzee hawezi kutelezeshwa kwenye mawe kama mtoto. Mweka hazina akacheka mpaka akalia: mkubwa ni mkubwa, mama, usijidanganye. Mwingine akasema labda kwa vile nilivaa kofia nzuri alidhani mimi ni wa serikali. Tumefika Gilgil bado tunabishana. Sijapata jibu mpaka leo, na Kiswahili hiki chetu hakinisaidii.

Kwa miaka yote hiyo nilipowasimulia watu, ilikuwa ni hadithi ya kijana aliyekosa adabu akanikatiza safari kwa sababu ya mwili wangu. Nyota moja. Nyota nusu.

Kisha ikaja Septemba 2019. Nilikuwa sokoni, redio ya jirani iko juu, nikasikia: maji yameingia ghafla kwenye korongo la Hell's Gate, watalii wamesombwa. Baadaye wakasema na mtu wa hapo aliyekuwa akiwaongoza alikuwa miongoni mwa waliokufa. Korongo likafungwa. Nikakaa juu ya gunia. Zile habari za 2012, za vijana wa kanisa waliokufa humo humo, nilikuwa nazijua hata kabla hatujaenda, tuliziombea langoni, na bado nilisimama kule chini nikabishana juu ya wingu.

Nimejaribu kulikumbuka lile wingu. Lilikuwepo? Nilisema niliona bluu. Lakini kweli nilitazama juu mara moja tu, haraka. Muda uliobaki nilikuwa namtazama yeye, kuona kama ananitazama.

Hata hivyo sitaki mdhani nimemsamehe lile la mabegi. Wingu linaweza kuwa kweli na tusi nalo likawa kweli, vyote viwili siku moja, mdomo mmoja. Angeweza kusema, "Mama, kuna mahali pagumu, utaweza?" Ningemjibu naweza, tungeshuka kama watu.

Nyota ngapi basi? Korongo, tano, na ningekuwa na sita ningetoa. Wale wanaochonga majina, sifuri. Kijana, nimeandika mbili, nikafuta, nikaandika nne, nikafuta. Kama mnakwenda, ulizeni langoni kwanza kama njia ya kule chini iko wazi. Chapati ziacheni garini, vioo mvifunge. Na mkiambiwa mgeuke, lalamikeni mkiwa mnatembea. Mimi nilisimama.

Wanaoongoza watu pale ni wengi. Huenda yu mzima, huenda sasa naye ana tumbo. Ningeuliza habari zake, lakini ningemuulizia kwa nani, nimtaje vipi? Jina lake sikumuuliza. Nilikuwa nimenuna.