Miezi sita ya dozi: tathmini ya kliniki ya kifua kikuu katika zahanati moja ya Dodoma

Nimemaliza dozi ya kifua kikuu katika zahanati moja ya serikali pembezoni mwa jiji la Dodoma, na kwa kuwa kabla ya kwenda sikumpata mtu wa kunieleza huduma hiyo ikoje, naandika haya kwa ajili ya yeyote anayekohoa na bado anasitasita. Zahanati sitaitaja kwa jina, kwa sababu nina malalamiko mawili ambayo sipendi yageuke mashtaka dhidi ya watumishi wale wale walioniuguza.

Wiki tano za mwanzo nilizipoteza mwenyewe. Nilinunua dawa ya maji ya kikohozi, kisha amoksilini, kisha dawa nyingine ya maji, nikilaumu vumbi la chaki darasani na upepo wa Julai ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua. Homa ilikuja kila jioni, usiku shuka lililowa jasho, na suruali zikaanza kudai mkanda. Nilipofika zahanati, muuguzi aliuliza kwanza kikohozi kina muda gani, kwa maana wiki mbili zinatosha mtu kupimwa makohozi. Nilipojibu kuwa ni wiki tano, alinitazama kidogo, akanipa barakoa na kuniomba nikakae kwenye benchi la nje.

Benchi hilo lipo chini ya mwarobaini, upande unaopitisha upepo, na mgeni anaweza kudhani ametengwa. Kumbe ndiyo sehemu salama kuliko zote kwa kazi ile, kwani vimelea vya ugonjwa huu husafiri hewani na hustawisha maambukizi katika vyumba vilivyofungwa. Nyuma ya jengo nilipewa kikopo chenye mfuniko na maelekezo ambayo muuguzi aliyarudia mara mbili: "Mwalimu, nataka makohozi, sitaki mate. Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani." Jaribio la kwanza lilikuwa mate matupu, alilikataa bila kukunja uso, akanielekeza upya.

Hapo ndipo penye lalamiko langu la kwanza. Zahanati haina mashine ya GeneXpert, ile inayotafuta vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi, hivyo sampuli hupelekwa kwa pikipiki kwenye kituo kikubwa zaidi. Mashine yenyewe hutoa jibu ndani ya saa mbili, na humwonyesha daktari pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za ugonjwa huu, lakini jibu langu lilichukua siku sita, kwa sababu lebo ya kikopo cha kwanza ilifutika na hakuna aliyenipigia simu kunijulisha. Nilikwenda mwenyewe kuuliza, nikaambiwa nikohoe tena. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na wenzake, siku sita si jambo dogo.

Baada ya jibu, mambo yalikwenda kwa mpangilio ambao sikuutarajia. Nilipimwa VVU, kama anavyopimwa kila mgonjwa wa kifua kikuu, nikapimwa uzito, na idadi ya vidonge ikapangwa kwa kilo zangu: nilikuwa na kilo 49, nikapewa vidonge vitatu kwa siku, kila kimoja kikiwa na dawa nne ndani yake. Miezi miwili ya kwanza ni dawa hizo nne, na minne inayofuata ni mbili. Sikulipa hata shilingi moja ya dawa wala ya vipimo. Nilitahadharishwa kuwa mkojo utakuwa mwekundu na nisitishike, kwamba pombe ya aina yoyote niiache kwa ajili ya ini, na kwamba nikianza kuona rangi vibaya nirudi siku hiyo hiyo. Onyo la mkojo liliniokoa, maana kesho yake asubuhi ningekimbilia hospitali nikidhani natoka damu.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa ameshanitengea sahani na kikombe. Muuguzi alimwalika kliniki pamoja na mjukuu wake wa miaka mitatu, akamweleza kwa upole kuwa ugonjwa hauenezwi na vyombo, na kwamba kilichohitajika ni madirisha kufunguliwa. Mtoto alichunguzwa, akaonekana hana ugonjwa, akaanzishiwa dawa za kinga. Sahani yangu ilirudi kabatini na nyingine.

Lakini kliniki ya kifua kikuu haipimwi kwa wiki ya kwanza, ambapo kila mgonjwa ana hofu na kila mgonjwa ni mtiifu. Ipimwe mwezi wa tatu. Kufikia wakati huo kikohozi kilikuwa kimekwisha, nilikuwa na kilo 56, makohozi ya mwisho wa mwezi wa pili yalikuwa yametoka safi kwenye hadubini, na nilianza kujiuliza kwa nini niendelee kumeza vidonge vinavyonichafua tumbo asubuhi kabla ya chai. Niliruka tarehe moja ya kliniki. Siku ya pili yake muuguzi alinipigia simu: "Mwalimu, kadi yako ipo mezani kwangu, wewe uko wapi?" Nilipofika, alinitaka nitoe karatasi ya vidonge mfukoni, akavihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, na viwili vilizidi. Hakufoka. Alinieleza kwamba vimelea vilivyobaki ndivyo vigumu kufa, na wanaoacha njiani ndio wanaorudi na ugonjwa sugu, ambao matibabu yake ni mazito zaidi. Kisha akanipima uzito upya na kuniongezea kidonge cha nne, kwa kuwa kilo zilikuwa zimepanda. Kwa saa ile moja peke yake, huduma hii naipa alama za juu kabisa.

Lalamiko la pili ni dirisha la dawa. Limeandikwa "TB" kwa rangi nyekundu, herufi za ukubwa wa sahani, na linatazamana na foleni ya kliniki ya watoto, ambako siku ya kwanza nilikutana na mzazi wa mwanafunzi wangu. Ni jambo la kufuta kwa brashi moja, na sioni kwa nini halijafanyika.

Anayetaka kwenda afike kabla ya saa mbili asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumatatu, ambapo foleni hufika hadi getini. Abebe maji ya kunywa na koti, kwa sababu benchi la mwarobaini lina baridi kali mpaka jua litakapopanda.