Themostati Mbili, Sufuria Moja: Orijino na Feki (na Fundi Anayesema "Ing'oe Tu")

Haya wadau, karibuni tena mezani. Leo nina vidude viwili hapa, vyote vinaenea kwenye kiganja kimoja. Ndivyo vidude ambavyo fundi wa mtaani akivikuta kwenye gari lako anakirusha kimoja kwenye ndoo ya vyuma chakavu halafu anakwambia: "Bosi, hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi." Themostati hiyo, kile kilango kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate joto. Leo naikagua, na nakwambia mapema, hii video itakuwa na hasira kidogo. Kwenye maoni ya video ya plagi, swali lililojirudia kuliko yote ni "gari langu linachemsha, fundi ametoa themostati, mbona bado linachemsha?" Basi tulijibu leo, tena kwa moto.

Sitakusomea namba zote za kwenye boksi, unazijua au muuza spea atakusomea. Hizi zote mbili ni za Toyota zile za injini ya 5A na 7A, yaani Corolla 110, Carina Ti na ndugu zao. Hii ya kulia ni orijino. Hii ya kushoto ni feki, boksi linafanana kabisa, hadi rangi. Zote zimepigwa chapa 82. Ile 82 ni nyuzi za Selsiasi, joto ambalo mlango unaanza kufunguka. Kumbuka neno hilo: unaanza.

Sasa kabla sijawasha jiko, tumalizane na hii habari ya nchi za baridi. Ndani ya injini haijalishi uko Tanga au Sapporo. Injini ile imepimwa ifanye kazi kwenye nyuzi themanini na kitu hadi tisini na kitu. Pistoni, ringi, oili, vyote vimepigiwa hesabu ya joto hilo. Themostati inashika joto la chini, lisishuke. Joto la juu lisipande, hiyo ni kazi ya rejeta, feni, pampu na mfuniko wa rejeta. Kwa hiyo ukitoa themostati kwa sababu gari linachemsha, umemfukuza mlinzi wa mlango wa mbele wakati mwizi alipita dirishani.

Twende jikoni. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote na nitakaa hapa, vumilieni.

Sufuria, maji ya kutosha kuzifunika zote mbili, na kipimajoto cha jikoni. Nimezining'iniza kwa uzi kwenye mwiko uliolala juu ya sufuria. Zisiguse chini! Chini ya sufuria kuna joto kuliko maji yenyewe, utaihukumu themostati bila kosa. Na ujanja mmoja: hii orijino uzi wake nimeubana kwenye mdomo wa mlango wenyewe. Unaifungua kidogo kwa bisibisi, unapitisha uzi, unaiachia springi inaubana. Mlango ukianza kufunguka, uzi unaachia, themostati inadondoka. Huhitaji jicho la kipanga. Hii feki nimeifunga fremu ili muone mlango unavyokwenda.

Moto wa wastani. Usikimbize maji, nta iliyo ndani ya kile kikopo cha shaba inahitaji muda kupata joto. Ndiyo, ndani kuna nta. Ikiyeyuka inavimba, inasukuma pini, mlango unafunguka. Hakuna waya, hakuna umeme, hakuna kompyuta. Ndiyo maana hiki kidude kinaishi miaka.

Sabini. Kimya, zote zimefunga. Vizuri. Themanini. Bado. Themanini na moja... na... umesikia? Imedondoka! Orijino imeachia uzi kwenye 82 kamili. Vitabu vya Toyota vinaruhusu kuanzia 80 hadi 84, kwa hiyo hii imefaulu. Tazama feki. Kamera isogee hapa. Themanini na tano, imefunga. Themanini na saba. Themanini na nane, naona nywele ya mwanga. Chapa inasema 82, chapa haina aibu.

Wengi wakifika hapa wanazima jiko. Wanakosea. Mtihani wa pili ndio mzito: kwenye 95 mlango uwe umefunguka kiasi gani? Kwa hizi tunataka angalau milimita 8. Naitoa orijino kwa koleo, haraka, vernia hii, kipimio cha milimita... nane na nusu. Safi. Feki... tano. Yaani hata ikifunguka, inaachia kijinjia. Ukiwa kwenye foleni ya Mbagala unaweza usione chochote. Ukipakia familia na mizigo ukaanza kupanda Kitonga, pale injini inatoa joto lote ililo nalo na maji hayapiti ya kutosha. Hapo ndipo unasimama pembeni na boneti limefunguliwa, fundi wa barabarani anakuja, anaing'oa, gari linapata nafuu kidogo, na wewe unaondoka umeamini kabisa kwamba themostati ni adui. Kumbe adui ni feki.

Mtihani wa tatu ni bure: ziache zipoe, kisha zishike dhidi ya taa. Iliyofunga haipitishi mwanga kwenye ukingo wa mlango. Ikipitisha, imekwama wazi, ni sawa na kutokuwa nayo.

Nazima jiko. Sasa ugeuze kidude kichwa chini. Unaona hiki kisahani huku chini, chenye springi yake? Hiki ndicho jibu la wale wote wa "fundi ametoa na bado linachemsha". Injini ikiwa baridi, pampu inazungusha maji ndani ya injini yenyewe kupitia njia ya mkato, hayaendi kwenye rejeta. Mlango mkuu ukifunguka, hiki kisahani kinashuka kuziba ile njia ya mkato, na maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Mlango mmoja unafunguka, mwingine unafunga. Ukiing'oa themostati, njia ya mkato inabaki wazi milele. Sehemu ya maji ya moto inatoka kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inarudi kwenye pampu, inaingia tena injini bila kuiona rejeta. Maji ni mavivu, yanafuata njia nyepesi. Nimewahi kusikia maelezo ya kwamba bila themostati "maji yanapita haraka mno kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa". Hapana. Tatizo ni hii njia ya mkato.

Na kuna feki ambazo hazina kabisa hiki kisahani, au kipo lakini kifupi hakifiki kuziba. Ukienda dukani beba ya zamani. Ziweke sambamba, pima kimo kutoka ukingo hadi kisahani. Zikipishana, rudisha, hata kama muuzaji anaapa.

Bei sasa, maana najua mmekaa mnasubiri. Gerezani na Shauri Moyo bei zinacheza, na kwa ndugu zetu wa Nairobi mnaokwenda Grogan najua nanyi mna hekaya zenu. Orijino inaweza kukugharimu mara tatu ya feki, na hapo watu wanaguna. Haya, guna, halafu nenda kaulize bei ya kuskimu silinda hedi, yaani kuusawazisha uso wake kwa mashine. Hedi ya injini hizi ni aluminiamu, imekaa juu ya bloku ya chuma. Ikichemka sana inapinda, na kupinda kunakoruhusiwa upande wa gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ni milimita 0.05. Hiyo ni chini ya unene wa unywele wa watu wengi. Mchemko mmoja wa kukaidi, umevuka. Kama huwezi orijino, zipo kampuni za Japani zinazotengeneza themostati nzuri kwa jina lao, nusu ya bei. Wapinzani hao nitawaweka kwenye sufuria video ijayo.

Turudi. "Mimi nimetoa na gari halichemshi, linakwenda tu." Sawa, sibishi. Lakini tazama linavyokwenda. Sensa ya joto inaiambia kompyuta injini ni baridi, kompyuta inaongeza petroli. Plagi zinakuwa nyeusi. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unyevu hauvukizwi, unaganda chini ya mfuniko wa oili kama maziwa mgando, halafu fundi mwingine anakwambia gasketi imekufa, anaishusha hedi nzima ya watu. Kwenye magari mapya kidogo unapata taa ya injini na msimbo wa hitilafu P0128, maana yake joto halifiki linapotakiwa. Ukisoma hiyo, usifute, badilisha themostati.

Wenye Vitz na IST, nyie hamna mshale wa joto, mna taa mbili: ya buluu ya baridi na nyekundu ya hatari. Buluu ikichelewa kuzimika asubuhi, au ikirudi kuwaka ukiwa barabara kuu Makambako kwenye upepo, themostati haipo au imekwama wazi. Lakini ikizimika usishangilie. Inazimika mapema, injini ikiwa bado haijafika joto la kazi. Na ikiwaka nyekundu umeshachelewa. Nunua kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, usome joto lenyewe kwa simu.

Ndugu wa karibu wa tabia hii ya kung'oa themostati ni feni kuungwa moja kwa moja, inazunguka muda wote. Feni inakula alteneta, inachoka, na bado hujatibu kitu. Pilipili manga na mayai kwenye rejeta iliyotoboka? Yanaziba tundu, na yanaziba mirija pia. Na maji ya bomba, maskini. "Huku hakugandi, kulanti ya nini?" Kulanti, ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta, ina kinga ya kutu. Aluminiamu na chuma vikikaa kwenye maji ya chumvi chumvi vinakulana. Fungua shingo ya themostati ya gari lililokunywa maji ya kisima, utakuta ukoko wa kahawia hadi themostati mpya haikai sawa.

Kufunga sasa. Injini iwe baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 unabana maji yasichemke hadi karibu nyuzi 119. Ukiufungua kwa pupa, mgandamizo unaondoka na maji yanageuka mvuke papo hapo, usoni kwako. Kitambaa hakitoshi. Subiri.

Fungua koki ya chini ya rejeta, kinga maji kwa beseni. Shingo ya themostati ina nati mbili za spana namba 10. Toa, kwangua kikalio hadi chuma king'ae, usichimbe. Ringi ya mpira mpya, lazima, inavishwa kwenye ukingo wa themostati yenyewe, wala hakuna haja ya silikoni. Ule upande wenye springi kubwa na kikopo unaangalia injini. Na hiki kitundu chenye kijipini kinachocheza, hiki hapa, kikae juu kabisa. Hapo ndipo hewa inatokea. Ukikiweka chini, hewa inakwama nyuma ya mlango, nta inakaa kwenye mvuke badala ya maji, gari linachemsha na themostati mpya inalaumiwa. Kaza nati kwa niutoni mita 9, yaani spana fupi na mkono wa kawaida. Ukikaza kwa bomba la nyongeza unakata stadi, ile skrubu inayoshika nati.

Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, yale ya betri ambayo hayana asidi, soma chupa vizuri. Mimina polepole. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita weka joto la mwisho ili maji yapite na huko ndani, subiri. Shika mpira wa chini wa rejeta: baridi, baridi, baridi, halafu ghafla unapata joto. Hapo mlango umefunguka. Mapovu yakiisha, ongeza, funga mfuniko, acha feni ijiwashe na kujizima yenyewe mara mbili.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia tena rejeta na chupa ya akiba. Kushuka kidogo ni kawaida, ni hewa iliyobaki, ongeza. Ikiendelea kushuka kila siku na huoni tone chini, peleka gari likapimwe mgandamizo wa mfumo wa maji kabla hujasafiri nalo. Wenye injini za 3S na zile za VVT-i andikeni aina ya gari kwenye maoni, nitachagua ipi iingie kwenye sufuria siku nyingine.