Kusoma muziki chuo cha jamii California: ada ni ndogo, saa ni nyingi

Kwa mkazi wa California anayetaka kusoma muziki kwa dhati bila kubeba deni, hakuna pa kuanzia pazuri kuliko vyuo vya jamii (community colleges) vya jimbo hilo, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili. Mkazi hulipa dola 46 kwa yuniti, kipimo cha uzito wa kozi. Shahada ya miaka miwili ni yuniti 60, kwa hiyo ada yote ni dola 2,760, kabla ya vitabu na maegesho. Mwenye kipato kidogo huomba California College Promise Grant, na ada hiyo yote husamehewa. Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi ana hesabu nyingine: huongezewa ada ya wageni, na kwenye vyuo vingi hiyo peke yake hupita dola 300 kwa yuniti. Kwa bei hiyo hatuoni sababu ya kuvuka bahari kwa ajili ya shahada hii.

Kinachotolewa ni mihula minne ya nadharia, mihula minne ya mazoezi ya sikio (kutambua noti kwa kusikia na kuziimba), darasa la piano, masomo ya chombo chako au sauti, na kwaya au bendi kila muhula. Nadharia ni ngazi: ya 2 haiingiliki bila ya 1. Chuo kidogo hufundisha ya 1 Agosti tu na ya 2 Januari tu, kwa hiyo ukifeli au darasa likijaa unasubiri mwaka mzima. Ndiyo maana kozi ya misingi ya muziki ichukuliwe wakati wa kiangazi, kabla ya muhula wa kwanza.

Yuniti nazo zisikudanganye. Kwaya ni yuniti 1 lakini hula saa tatu au nne kwa wiki, na matamasha juu yake. Nadharia, sikio, piano, chombo na kwaya kwa pamoja ni yuniti 7 au 8 tu kwenye karatasi. Ukiweka na mazoezi ya kila siku, wiki imejaa. Anayefanya kazi zamu kamili apange miaka mitatu.

Waliokulia kwenye kwaya za makanisa ya Tanzania na Kenya wanaingia na mtaji. Solfa ya d r m f s l t ndiyo hiyohiyo inayotumika kwenye mazoezi ya sikio ya vyuo vingi, na d huhama kwa ufunguo vilevile. Lakini kuna mitego mitatu. Kwanza, noti zilizopandishwa au kushushwa nusu zina majina mengine: fe ya kwaya huko ni fi, na ta ni te. Mbaya zaidi ni se: kwetu ni s iliyopandishwa, kwao ni s iliyoshushwa. Pili, kwetu ufunguo wa maina (minor) huanzia l, ila vyuo vingi huuanzia d, hivyo ngazi inaimbwa d r me f s le te. Muulize mwalimu wiki ya kwanza anatumia upi. Tatu, noti huandikwa kwenye mistari mitano, siyo kwa herufi za solfa. Anza na kuitafuta d: kwenye alama za ufunguo mwanzoni mwa mstari, shapu ya mwisho kulia ni t, flati ya mwisho ni f. Ukijua hilo, wimbo wowote kwenye mistari unausoma kwa solfa uliyonayo.

Waliofanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, watakuta maneno yamebadilika, mambo yaleyale: crotchet inaitwa quarter note, perfect cadence inaitwa authentic.

Alama nyingi hupotea kwenye kupanga sauti nne. Mtunzi aliyezoea kupanga kwa sikio huziacha sauti mbili, kama besi na tena (tenor), zitembee sambamba kwa tano kamili au oktavu; nadharia hulikataza hilo, na mwalimu huzungushia kila moja wino mwekundu. Kagua sauti mbili mbili, jozi zote sita, kabla ya kukabidhi. Kisha hakikisha t ya soprano imepanda kwenda d.

Udhaifu wa vyuo hivi uko kwenye somo la chombo. Mara nyingi ni nusu saa kwa wiki, nalo hupatikana kwa usaili wa kupiga au kuimba, na mwisho wa muhula unapiga mbele ya jopo la walimu. Nusu saa haitoshi kumwandaa mtu kwa chuo kikuu, kwa hiyo tenga fedha za mwalimu wa nje walau mwaka wa pili. Darasa la piano ni bora kuliko linavyoonekana: kinanda cha umeme, vipokea sauti masikioni, na kila mtu na kasi yake. Usilipuuze, kwa sababu chuo kikuu hupima piano hata kwa waimbaji.

Shahada ya kuhamia (Associate Degree for Transfer), ile ya miaka miwili iliyopangwa kwa ajili ya kuendelea chuo kikuu, inakuhakikishia nafasi kwenye mfumo wa California State University. Haikuhakikishii kampasi unayoitaka, wala haikuondolei usaili wa idara ya muziki. Vyuo vikuu vingi pia hukupa mtihani wa nadharia ukifika, na ukianguka unarudishwa ngazi ya chini hata kama cheti kina alama A. Kabla ya kujiandikisha, fungua tovuti ya ASSIST, chagua chuo chako na kampasi unayoitaka, uone ni kozi zipi za muziki zinazopokelewa huko. Orodha hiyo ichapishe uende nayo kwa mshauri wa idara ya muziki, siyo mshauri wa jumla peke yake.