Wachapaji wa Kariakoo wanaotutolea gazeti la kijijini, maoni yangu baada ya matoleo 18

Niseme mapema, jina la duka siweki, malalamiko yangu nilishawapelekea wenyewe palepale kaunta na bado nafanya nao kazi. Ila ukitokea Mnazi Mmoja ukaingia ndani ndani huko kwenye kadi za harusi na mihuri, kuna ngazi nyembamba ya kupanda ghorofa ya kwanza, mashine unaisikia kabla hujaiona. Ndo hapo.

Sisi tuna kagazeti ketu, kurasa nane saizi ya A4, kanatoka mara moja kwa mwezi na kanasomwa Ikwiriri na vijiji vya jirani huko Rufiji. Mimi niko Mbagala, ndo mhariri, ndo dizaina, ndo mbeba boksi mpaka Rangi Tatu kwenye basi. Huko nyumbani yupo mwalimu mstaafu na dada mmoja wa duka la dawa, wao ndo wanakusanya habari wananirushia WhatsApp. Na habari zenyewe ni ufuta umeuzwaje mnadani, stakabadhi ghalani malipo yametoka au bado, kliniki ya watoto mwezi huu inakaa kijiji gani, ng'ombe wameingia shamba la nani, kiboko kaonekana wapi, ligi ya kata, na waliotangulia mbele za haki. Gazeti kubwa la Dar haliwezi kuandika hayo mpaka mtu aliwe na mamba.

Sasa kutafuta mchapaji ndo nilipojifunza mengi. Kiwanda cha kwanza nilichoenda wana ofseti, zile mashine kubwa za uchapaji, kazi yao safi kabisa picha inang'aa, ila wakaniuliza nakala ngapi nikasema mia tano, yule jamaa akanitazama kama nimeomba robo ya sabuni kwenye duka la jumla. Simlaumu, ofseti inataka pleti kwanza, yaani bamba lenye ukurasa wako, na kuiseti mashine ni hela ileile uchape mia tano au elfu kumi, kwahiyo ukichapa chache kila nakala inabeba mzigo mkubwa. Kwingine wakaniambia tutoe kwenye fotokopi tu, hapo hamna pleti lakini unalipia kila upande wa karatasi, na toleo la mia tano lina pande elfu mbili za A3, piga mwenyewe.

Hawa wa Kariakoo wana riso. Kwa asiyejua, ni mashine ina sura ya fotokopi ila kazi yake ni kama stensili za shuleni zamani, inachoma masta (ndo stensili yenyewe) moja kwa kila upande wa karatasi, masta inajifunga kwenye dramu yenye wino, halafu karatasi zinapita mbio kweli. Gharama kubwa iko kwenye masta, ukishaichoma kila karatasi inayofuata ni rahisi, na kwa nakala mia tatu mpaka elfu hivi mi sijaona kitu cha kuishinda bei. Gazeti letu ni A3 mbili zinakunjwa, kwahiyo masta nne na rimu mbili za A3, basi.

Hela sasa, maana ndo mnachotaka kujua. Saivi nawalipa 190,000 kwa nakala 500, boksi kwenye basi 5,000, yaani kila nakala inanifikia kwa 390. Tunauza 500, muuzaji anabaki na mia yake, mi napata 400. Shilingi kumi!! Na hiyo ni kama zimeisha zote, hazijawahi kuisha zote isipokuwa mara moja, kawaida zinauzika kama 430, hapo tayari nimepoteza 23,000. Kinachotuokoa ni matangazo sita ya 15,000 ya watu wa kulekule, duka la pembejeo, fundi pikipiki, mama wa kukodisha viti na maturubai, ndo inabaki kama 67,000 ya bando na nauli ya mwalimu. Si utajiri ila hatujawahi kuruka mwezi na hatujaomba mfadhili.

Baba mkubwa alikaa Mwanza enzi za kisomo, huwa ananikumbusha gazeti la vijijini lililoanza kule 1974, Elimu Haina Mwisho, anavyolisifia utadhani la jana. Kila nikimpigia lazima aulize, "na nyie mna mzungu gani nyuma?" Namwambia baba tuna mama wa maturubai.

Haya, mazuri yao. Kwanza wanakubali nakala chache bila kukunyanyapaa, nilianza na mia mbili na walinihudumia vilevile. Pili, siku ya kwanza kabisa waliniuliza kama nina leseni ya Idara ya Habari Maelezo, nikaona wasumbufu, kumbe wamenisaidia, sheria ya huduma za habari ya 2016 inataka gazeti liwe na leseni hata likiwa dogo kama letu, usije ukadhani kwa vile ni la kijijini hakuna anayeliona. Tatu, risiti ya EFD, ile ya kodi, unapewa bila kuvutana. Na kuna mzee wa mashine pale, ukimpa shikamoo hakosi kuitikia, ukikosea kichwa cha habari anakiona yeye kabla yako, alishanishika nimeandika "mkutano wa kijii" kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele.

Mabaya sasa. Muda. Wakikwambia kesho we elewa keshokutwa jioni. Mwezi wa Shaabani ndo usiseme, kila mtu anaoa kabla ya mfungo na kadi za harusi zinatangulia mbele ya kila kitu, nikalalamika yule mzee akanijibu, "mwanangu, gazeti litasubiri, bibi harusi hasubiri." Nilichelewa siku nne, na bei za mnada zilizokuwa humo zikafika zimeshapitwa, mwalimu alinipigia kwa hasira mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Halafu toleo la saba ukurasa wa tatu na wa sita, ambazo ni upande mmoja wa A3, zimegeuzwa miguu juu kwenye nakala kama themanini hivi. Walizirudia bure, sawa, lakini aliyegundua ni mimi nakunja na wanangu sebuleni saa tano usiku, wao hawakukagua hata moja. Tangu siku hiyo sitoki pale bila kufungua nakala ya juu, ya kati na ya chini.

Picha ndo ugonjwa mkubwa. Riso inatoa picha kwa nuktanukta, na sisi watu weusi tukipigwa picha kivulini na simu ya elfu themanini tunatoka kama mihuri. Mwenyekiti wa kijiji kimoja alionekana kofia na meno tu, akalalamika kwelikweli. Dawa niliyoipata ni kuing'arisha picha kwenye kompyuta mpaka ionekane imezidi, ndo ikichapwa inakuwa sawa. Dizaina wao angeniambia hilo siku ya kwanza badala ya kusema "itatoka tu bosi".

Wino nao unashika mikono, haukauki sawasawa. Ila mama wa maandazi kule hataki kufungia nalo eti linachafua, kwahiyo linabaki majumbani linasomwa na watu watano sita, hiyo kasoro nimeisamehe.

Na hiyo mara moja zilipoisha zote ni toleo la tatu, lile la mafuriko ya Aprili 2024. Watu walitaka majina ya vitongoji na habari za mashamba, mia tano zikaisha siku mbili, nikarudi mbio kuomba mia tatu zaidi, nikaambiwa masta zimeshatupwa nilipie upya zote nne. Niliwaka pale! Lakini ndivyo mashine ilivyo, masta ikitoka kwenye dramu imekwenda, ila mtu angenitahadharisha si ningesema mapema. Nililipa, na zikauzika.

Nyota tatu na nusu. Ukienda nenda Jumanne asubuhi kabla foleni haijajaa, peleka PDF usipeleke faili la kuhariri maana fonti zinahama, na karatasi omba gramu 80, ya 60 wino unapenya upande wa pili. Mi toleo la 19 napeleka wiki ijayo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kachukua nusu ukurasa wa nyuma na kalipa kabisa, kwa mara ya kwanza nitaagiza 600.