Mataji ya wafalme wa Wamaya ukiwa kwenye kiti mwendo: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za meza ya kugusia, ambapo nakala ya taji inashikwa kwa mikono. Jumba lenyewe silitaji, maana kasoro hizi zimejaa kwenye makumbusho mengi.

Mlangoni hakuna shida: mteremko ni mpole, lifti inaingiza kiti na msaidizi wake, choo ni kipana. Shida ni kimo cha vitu. Kwa Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, taji lilikaa juu kabisa, kinyago juu ya kinyago, kisha manyoya. Nguzo ya jiwe yenye mchongo wa mfalme, iitwayo Stela E, kule Quiriguá, Guatemala, inapita mita 10. Hapa kuna nakala ya plasta ya mita 3 hivi, nao wameipandisha juu ya jukwaa. Macho ya aliyeketi yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni, kwa hiyo unachokiona vizuri ni viatu vya mfalme na mkanda wake. Rudi nyuma mita 4 au 5. Ukikaribia, taa ya dari inakupiga usoni, na kwa kuwa inamulika mchongo moja kwa moja, vivuli vinapotea na manyoya yanakuwa mistari tu. Taa ya ubavuni ingetosha.

Wamepatia kwenye nakala ya kizingiti cha juu cha mlango, namba 24, cha mji wa Kimaya wa Yaxchilán, Mexico, kinachoonyesha tukio la mwaka 709; chenyewe kiko British Museum, London. Kilichongwa upande wa chini, utazame juu unapopita mlangoni. Hapa wamekitundika ukutani, usawa wa aliyeketi, taa ikitoka kushoto. Kichwa kilichokaushwa cha mateka, alichofungiwa mfalme utosini, unakiona bila kunyoosha shingo.

Meza ya kugusia ina nafasi ya magoti, na maelezo ya nukta nundu yako ukingoni, si ukutani. Vua pete kwanza. Anzia chini, kwenye ukanda wa paji la uso: karatasi ya gome la mti wa jamii ya mtini, jamii ileile ya mutuba ambao Waganda hutengenezea lubugo. Kufungwa ukanda huo ndiko kulikokuwa kutawazwa. Panda kwenye fremu nyepesi, halafu manyoya. Yafuate kutoka shinani kwenda ncha. Asiyeona akianzia nchani atayavunja, na mengine tayari yamepinda. Ni ya kuku yaliyotiwa rangi. Wamaya walitumia ya mkia wa ndege quetzal dume, yanayopita sentimita 60, kwa hiyo ule urefu wa kuning'inia huupati.

Kosa lililoniudhi ni vipande vya jeidi kuwa vya plastiki. Jeidi ni jiwe zito na baridi mkononi, na kwa asiyeona hiyo ndiyo habari yenyewe. Plastiki inapata joto la vidole mara moja, ni nyepesi kama kifungo cha shati. Jiwe lolote la kijani lililosuguliwa lingefundisha zaidi.

Msitarajie taji halisi la manyoya. Unyevu wa msitu umeyala, na lile maarufu lililoko Vienna, Austria, ni la Waazteki, watu wengine wa kale wa Mexico.

Mwombe mhudumu dakika 40 za meza mnapokata tiketi; bila kuomba, wanaifunika saa kumi.