Chai ya asubuhi Queens Grill, ndani ya meli ya Queen Mary 2

Jamani kama una hela ya vyumba vya kifahari vya Queens Grill kwenye Queen Mary 2 ile ya Southampton hadi New York, raha yenyewe ni meza kwenye ukumbi wao wa kulia, nao unaitwa Queens Grill. Yaani unapewa meza yako tangu siku ya kwanza, hiyo hiyo asubuhi mchana na usiku, unashuka saa unayotaka ndani ya muda wa mlo na hakuna mtu atakayekuwa ameikalia, weita anakujua jina na siku mbili tu kashajua chai yako inakuwaje. Mayai yanapikwa unavyotaka, hupangi foleni.

Sasa nyie mnaoshuka na joho la kuogea na ndala, hapana bana, vaa shati. Na usimkokote rafiki yako wa vyumba vya Britannia, vile vya kawaida, uje kumlazimishia kiti, ukumbi ule ni wa wenye vyumba vyake, mtamtia weita aibu bure, mkitaka kula pamoja nendeni Kings Court kwenye bufee, ghorofa hiyo hiyo ya 7.

Kasoro? Meza za watu wawili zimekaribiana, umbea wa jirani unausikia wote.