Maikroskopu ya "1200X" nilionunulia kijana: uzoefu wangu

Wale mnaouliza kuhusu hizi maikroskopu ndogo za wanafunzi zinazouzwa mtandaoni, mimi nilinunulia kijana wangu wa Gredi 8 maana walikua wamefika kwa seli na shuleni wanachungulia kwa zamu, ikatumwa parseli kutoka Nairobi nikaichukua steji hapa Kisumu, yote 4,500. Kwa boksi wameandika 1200X, yaani ati inakuza mara 1200. Hio namba isahau. Wanaifikisha kwa kukupa lenzi ya jicho iliyoandikwa 20 uiweke na ile ya chini iliyoandikwa 60, 20 mara 60, ukichungulia ni ukungu mtupu, picha imekua kubwa lakini hakuna kitu kipya unaona. Rudi kwa 10 na 40, hapo ni 400, na hapo iko sawa kabisa. Nyota 4, ningewapa 5 kama wangeandika 400 kwa boksi.

Tulianza na kitunguu. Unachuna ile ngozi nyembamba ya ndani inayong'aa kama nailoni, unailaza kwa slaidi na tone la maji, kifuniko (kile kioo chembamba cha juu) unakishusha pole pole kuanzia upande mmoja, na ukiona miviringo yenye ukingo mweusi mnene ujue ni mapovu ya hewa, sio seli. Bila rangi ni mistari tu. Weka iodini ya chemisti ile ya kupaka vidonda, izimue na maji kidogo, ngoja, halafu angalia tena: kuta zimejitokeza, seli zimepangwa ndefu ndefu, na kwa nyingi kuna kidoa cha hudhurungi kimesukumwa kando. Hicho ndio kiini, kinabeba DNA na ndicho kinaelekeza kazi za seli, na kimesukumwa kando kwa sababu katikati yote ni vakuoli, mfuko wa maji unaofanya kitunguu freshi kiwe kigumu.

Kijana akauliza, mbona hakuna kijani na kitabu kinasema seli ya mmea iko na kloroplasti? Si kitunguu kinakaa mchangani bana, hakitengenezi chakula kwa jua, kloroplasti ingekua ya nini? Tukachukua jani la sukuma tukachuna ngozi ya chini, ikang'oka na kipande cha nyama ya jani, hapo sasa vidoa vya kijani vimejaa, hata yale matundu ya hewa unayaona, kila moja na seli zake mbili za kulifungua na kulifunga. Ule mchoro wa kitabu wenye kila kitu ndani ya seli moja unachanganya watoto sana kwa maoni yangu.

Seli za shavu ni rahisi: kwangua kidogo na upande butu wa kijiti cha meno, tone la GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda) ndani ya maji mengi. Hakuna ukuta, ni utando tu, kwa hivyo zimekaa ovyo, zingine zimejikunja, kiini katikati.

Mama mmoja jirani aliniambia yake ni feki ati haionyeshi ribosomu. Huyo anaonea mashine. Ribosomu, zile zinatengeneza protini, ni nanomita 20 hadi 30 hivi (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni), na maikroskopu ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya kama nanomita 200, hata ulipe laki. Mwanasayansi George Palade alizieleza 1955 na alitumia maikroskopu ya elektroni. Mitokondria, zinazotoa nguvu kutoka kwa chakula, ni kubwa kidogo lakini bila rangi maalum na lenzi nzuri hautazitambua kwa hii. Robert Hooke mwenyewe, yule mwanasayansi aliyezipa seli jina, 1665 aliangalia kizibo akaona kuta tupu za seli zilizokufa, sasa wewe umeona kiini ukiwa jikoni kwako na bado unalalamika.

Mabaya yapo. Taa ya betri ni dhaifu, afadhali kioo na mwanga wa dirisha, ila usikielekeze kwa jua lenyewe, utaharibu jicho. Kishikio cha simu kinateleza, picha zetu zote nimeshika simu kwa mkono. Na ile skrubu ya kufokasi imelegea, ukiachilia, lenzi inashuka yenyewe inavunja kifuniko, nilimwandikia muuzaji akasoma akanyamaza. Vifuniko vinavyokuja nayo ni vichache sana, agiza pakiti nyingine siku hio hio unaagiza maikroskopu.